Parseli ya Uvira iko kwa jina la nani?

Wazee wetu watakusimulia safari yote ya kukimbia. Watakuambia tulitoka saa ngapi, tulivuka wapi, nani alibeba sufuria na nani alibeba mtoto. Lakini ukiwauliza, "Baba, ile parseli ya Uvira iko kwa jina la nani?" hapo wananyamaza. Au wanakasirika. Mzee mmoja hapa Nakivale alimjibu mtoto wake mbele yetu: "Sasa munaanza kunichimbia kaburi?" Kijana akaomba msamaha, chai ikaletwa, tukaongelea mvua.

Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wanne, wengi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, na Warundi watatu. Tunakutana Jumapili mchana. Tumeshaandika hapa habari za shule, za mikopo ya simu, za kungoja majibu ambayo hayaji. Leo tunaandika kuhusu urithi, na tunajua kuna watakaocheka: mkimbizi ana urithi gani? Kiwanja tunachokalia hapa ni cha serikali ya Uganda. Unapewa ulime na ujenge, lakini huna haki ya kukiuza wala kukikodisha. Kweli kabisa. Ndiyo maana neno urithi likitajwa hapa, akili ya kila mtu inavuka mpaka na kurudi nyumbani.

Kilichotusukuma ni msiba. Baba wa wenzetu wawili, kaka na dada, alifariki hapa hapa mwaka juzi. Wametupa ruhusa tuandike, majina tumeyaacha. Mzee aliugua wiki tatu tu. Wiki hizo watu walimtembelea kila siku, wakaomba, wakaimba, wakaleta uji. Hakuna aliyemuuliza habari ya nyumba ya Uvira, maana kumuuliza mgonjwa kuhusu mali ni kama kumwambia kwamba hataamka. Akaondoka na yote kichwani mwake.

Miezi saba baadaye ikaja odio ya WhatsApp kutoka kwa baba mdogo aliyebaki Uvira. Dakika tatu. Mbili za kwanza ni salamu, pole na bei ya unga. Katika ya tatu anasema ameuza nusu ya parseli, ile inayoangalia barabara, kwa sababu ya madeni, na nusu nyingine ataiangalia yeye mpaka kaka yenu akomae. Dada hakutajwa. Alipouliza yeye mwenyewe, jibu lilikuja kwa maandishi, fupi: "Mwanamuke hana parseli kwa baba yake. Parseli yake iko kwa bwana yake."

Siku hiyo kikundi kiligawanyika vibaya. Nusu walisema baba mdogo ni mwizi, tusizunguke. Wengine wakasema ngojeni kwanza. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubeba nyumba za watu, nani alikuwa pale kuondoa matope? Yeye. Nani alinunua mabati mapya? Yeye. Nani alilala mle ndani usiku ambao watu wenye silaha walikuwa wanapita barabarani? Mtu akilinda nyumba miaka sita bila kulipwa ataanza kuiona ni yake, na hilo halihitaji uchawi. Tulibishana mpaka giza likaingia, na kila mtu alikuwa na methali yake. Hakuna aliyekuwa na kifungu cha sheria.

Basi tukaenda kwa Maître. Huyu alisoma sheria Bukavu, hapa anauza vocha na kuchaji simu za watu. Ndani ya simu yake ana Code de la famille, yaani Sheria ya Familia ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987, pamoja na mabadiliko yake ya tarehe 15 Julai 2016. Alikuja nyumbani kwa wenzetu jioni, akaomba kijiti, akachora parseli kwenye vumbi mbele ya mlango.

Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu baba mdogo. Aliuliza: mzee alioa lini, na alinunua lini? Mama wa wenzetu alikuwa pembeni anachambua maharage. Akasema waliandikisha ndoa mbele ya etasivili mwaka 2001, na parseli ilinunuliwa 2004. "Mchanga wa msingi niliubeba mimi, nikiwa na mimba ya huyu," akamwonyesha kaka.

Maître akapiga mstari katikati ya mchoro. Akasema nusu hii si urithi. Tukamwangalia. Akaeleza: mume na mke wa Kongo wasipochagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, mali waliyoichuma wakiwa pamoja inahesabiwa kuwa ya wote wawili. Mmoja akifa, kwanza unatoa nusu ya yule aliyebaki. Kinachogawanywa kwa warithi ni nusu ya marehemu peke yake. "Mama hairithi nusu hii," akasema. "Ni yake tangu zamani." Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Miaka yote hiyo katika maneno ya ukoo ilikuwa parseli ya mzee, nyumba ya mzee, mwembe wa mzee.

Halafu ile nusu ya pili. Maître akaikata vipande 12, na hapa tunaomba msome polepole kwa sababu ndicho kitu ambacho watu wengi kwetu hawajawahi kuambiwa. Sheria inapanga warithi kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua akiwa hai, na waliopangwa kisheria kuwa watoto wake. Hao wanachukua robo tatu, yaani vipande 9, na wanagawana sawasawa. Hakuna neno mvulana pale, hakuna neno msichana. Kundi la pili limegawanyika tena mara tatu: mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake marehemu. Wote wakiwepo, kila upande unapata kipande 1. Kundi la tatu, wajomba, baba wadogo na mashangazi wa marehemu mwenyewe, wanangoja nyuma, wanaitwa kama hao wa mbele hawapo.

"Sasa," akauliza, "watoto wa mzee ni wangapi?"

Kaka akasema wawili.

Mama akasema, bila kuinua kichwa, "Watatu."

Hatutaandika yote yaliyofuata jioni ile, ni ya nyumba yao. Tuseme tu kwamba kuna kijana Baraka, alizaliwa 1998 kabla ya ndoa, mzee alimtambua rasmi, na mama alijua tangu mwanzo. Alikubali kuolewa kwa sharti moja kwamba jina hilo lisitajwe ndani ya nyumba yake. Lilikaa nje miaka zaidi ya ishirini. Dada alisimama akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Sisi tuliobaki tukaona jambo ambalo tumeliona baadaye katika familia nyingine tatu za hapa. Wazee wakinyamaza kuhusu parseli, mara nyingi wanachoogopa kukitaja ni mtu. Mtoto wa nje. Mke wa kwanza. Ndugu aliyechangia pesa na hakurudishiwa. Kiwanja kina mipaka minne na kila mpaka una mtu.

Hesabu ikatoka hivi. Ukichukua parseli yote kama vipande 24, mama ana 12 vyake mwenyewe na 1 cha mjane, jumla 13. Watoto watatu wana 9, kila mmoja 3, dada sawa na kaka, na yule wa Baraka sawa na wao. Bibi mzaa baba, ambaye bado yuko hai Uvira, ana 1. Na ndugu wote wa mzee kwa pamoja wana 1. Ndugu hao ni wanne, kwa hiyo baba mdogo fungu lake ni robo ya kipande kimoja kati ya 24. Yeye aliuza 12.

Mtu mmoja kati yetu akacheka, si kwa furaha.

Zaidi ya hapo, mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wanaishi na mumewe na kutumia vyombo vyake. Hata kama kuta ni za watoto, hakuna anayeweza kumwambia apishe kwa sababu tu mume amekufa. Na kuuza kitu cha mwingine, sheria ya mikataba ya Kongo inasema ni mauzo batili. Mnunuzi asiyejua anaweza kudai fidia kwa aliyemuuzia.

Tulifurahi. Tukadhani imeisha. Maître akatutuliza haraka. Akauliza: mzee alikuwa na karatasi gani? Kaka akatoa picha ya fishi ya parseli, ile ya ofisi ya mtaa, iliyokunjwa mpaka namba hazisomeki. Basi. Sasa, kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo wote wa Kongo ni wa Dola, na haki yako juu ya kiwanja inathibitishwa na kitu kimoja, cheti cha usajili kinachotolewa na konsevatera wa hati za ardhi. Wengi wa wazazi wetu hawakufika huko. Walinunua kwa mashahidi, wakapewa fishi, wakajenga, wakazaa. Ilitosha kwa sababu waliishi pale na majirani waliwajua. Ukiondoka, kile kilichokuwa kinakulinda, yaani kuonekana kila asubuhi ukifagia uwanja wako, kinaondoka na wewe.

Na ubaya ni huu: mnunuzi akienda akapata cheti kwa jina lake, cheti hicho kikifikisha miaka miwili kinakuwa hakishambuliki tena. Utabaki kudai pesa kwa aliyeuza, si ardhi. Kwa hiyo kuna saa inayotembea na huwezi kuiona kutoka Nakivale. Ndiyo sababu Maître alitaka barua ya pingamizi iandikwe wiki ile ile, iende kwa konsevatera, nakala kwa shefu wa mtaa. Iseme tu: mwenye parseli hii amefariki, mirathi haijafungwa, mjane na watoto wako hai, msiandikishe chochote.

Nani aipeleke? Hapo tuligonga ukuta. Sisi si watalii. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema mtu akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, au akirudi kukaa huko, anaweza kuacha kuhesabiwa mkimbizi. Kwa hiyo hata kupitia ubalozi kwa ajili ya muhuri mmoja si jambo la kuamkia asubuhi ukaenda, ulizia kwanza kwa watu wa msaada wa kisheria. Wale wa Goma na Bukavu wana shida nyingine juu ya hii, tangu M23 walipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, maana watu wanauliza muhuri upi utakaokubaliwa kesho. Kwao tunasema kitu kimoja tu: karatasi ya zamani, hata iliyochanika, piga picha leo, itume kwa watu watatu walio sehemu tatu tofauti.

Sheria inasema mahali pasipo wosia, mirathi inasimamiwa na mrithi mwenye umri mkubwa zaidi, na akikataa, yule atakayechaguliwa na warithi. Halafu mahakama ya amani, ile ambayo kwetu wanaiita Tripaix, ndiyo inayoshughulikia mambo ya urithi na ugomvi wake. Mwenye umri mkubwa hapa ni bibi. Bibi hasomi na sikio moja limeisha. Nani mwingine yuko nyumbani, anaweza kupanda basi, anaweza kusimama mbele ya dirisha la ofisi na kitambulisho chake? Mmoja tu. Yule wa Baraka.

Mama alisema hapana. Alisema hapana kwa wiki tano.

Hatukumlazimisha, na tunataka vijana wenzetu walielewe hili maana tunapenda sana kuja na sheria kama rungu. Mtoto anasoma kifungu kwenye simu, halafu anamgeukia mama yake kama hakimu. Mama yule alipoteza nyumba, nchi, mume, na sasa tunamwambia funguo zikae kwa mtoto wa mwanamke mwingine. Sheria inasema kijana ni mrithi sawa, ndiyo. Haikusema iwe rahisi kumeza. Tulichofanya ni kumpeleka dada wa kanisani kwake, mtu mzima aliyepitia kitu kama hicho, wakakaa wawili. Sisi tukaendelea na karatasi.

Na karatasi nazo! Hapa tutakawia kidogo kwa sababu hii inawagusa wengi mnaosoma mkiwa Kakuma, Nyarugusu na kwingine.

Ili urithi, lazima uonyeshe wewe ni mtoto wa nani. Unafikiri ni rahisi. Sasa chukua ile karatasi ya familia tuliyopewa wakati wa kuandikishwa, uisome kama mtu asiyekujua. Kati yetu kumi na wanne, watatu wameandikwa watoto wa baba mdogo kwa sababu walivuka naye, na siku ile mtu alisema "hawa wote ni wangu" ili wasitenganishwe. Ilikuwa busara, iliwaokoa. Lakini kwenye karatasi baba yao ni mtu mwingine. Wanne wana tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Mmoja jina lake la ukoo limekuwa la kwanza na la kwanza limepotea. Dada wa habari yetu ameandikwa kwa jina la nyumbani, lile bibi alilomwita, ambalo halipo kwenye hati yake ya kuzaliwa. Kwa hakimu wa Uvira, msichana wa karatasi ya Uganda na binti wa marehemu wanaweza kuwa watu wawili tofauti.

Dawa zipo, ila ni za taratibu. Hati ya kuzaliwa, kama iliandikishwa, iko kwenye rejesta ya etasivili hata kama yako iliungua, na ndugu anaweza kuomba nakala. Kama haikuandikishwa kabisa, kuna hukumu wanayoiita supletifu, mahakama inatamka kwamba fulani alizaliwa siku fulani kwa fulani. Vivyo hivyo ndoa. Mahari imetolewa, kanisa limebariki, watu wamekula, lakini kama haikuandikishwa, mjane anaanza safari akiwa na jiwe ndani ya kiatu, maana ndoa ya kifamilia watu wa nje hawalazimiki kuitambua mpaka iandikishwe. Mama wa wenzetu aliandikisha 2001. Alisema mzee alilalamika siku ile kwamba foleni ni ndefu.

Kuhusu wosia. Watu wanadhani wosia ni wa matajiri, na avoka wa suti. Sheria ya Kongo inakubali wosia ambao mtu ameuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tarehe, akasaini. Daftari la mtoto linatosha. Upo pia wa mbele ya notere au afisa wa etasivili, na upo hata wa mdomo kwa anayeona kifo kimekaribia, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili walio watu wazima. Lakini wa mdomo kwetu ndio unaoleta vita, kila shahidi anakumbuka lake. Na wosia uliofichwa chini ya godoro mpaka panya waukute, heri usingeandikwa. Mwambie mtu ulipo.

Hatusemi wazee wote waandike wosia wiki hii. Wengine hawatakubali mpaka mwisho, na tumejifunza kuuliza kwa njia nyingine. Badala ya "utamwachia nani?" tunauliza "jirani yako wa upande wa ziwa alikuwa anaitwa nani?" Mzee yule yule wa kaburi alitabasamu. Akataja jirani wa upande wa ziwa, wa upande wa mlima, akataja aliyemuuzia na kiasi alicholipa, mashahidi wawili na bia waliyokunywa siku hiyo. Alizungumza saa nzima. Mtoto wake alikuwa anaandika kwenye kaunta buku, na mzee akamwambia aandike vizuri, si kama daktari. Humo ndani mna mipaka, bei, mwaka na majina ya mashahidi. Wosia haumo, lakini familia ambayo ina ukurasa kama huo haiwezi kudanganywa kirahisi.

Warundi wenzetu wametukumbusha kwamba kwao njia ni nyingine. Burundi haijapata sheria iliyoandikwa ya urithi. Ardhi inafuata desturi, na desturi inapeleka shamba kwa wana wa kiume. Dada Mrundi mmoja kati yetu alimsikiliza Maître akisema "sawasawa", halafu akasema, "Nyinyi mna kifungu mnachonyimwa. Sisi hata kifungu hatuna." Babu yake alikimbilia Tanzania 1972. Familia iliporudi, shamba lilikuwa na watu wengine waliozaliwa pale na kuzika pale. Serikali iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kwa ajili ya kesi kama hizo. Tutaomba aandike mwenyewe, hadithi yake haifai kuwa aya ndani ya hadithi ya wengine.

Hapa Uganda, sheria ya urithi ilibadilishwa 2022. Mtu akifa bila wosia, watoto wanapata asilimia 75, mjane au mgane 20, jamaa waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Robo tatu tena kwa watoto. Kwa wenye duka, bodaboda au pesa kwenye simu, ni vizuri kujua. Lakini msiba wa hapa tumeuona unaisha kwa amani mara nyingi, kwa sababu kila mtu anamwona kila mtu, na vitu ni vichache. Mbali ndiko kunakoharibu.

Turudi kwa wenzetu. Katika wiki ya sita bibi alituma odio. Alikuwa amesikia kwamba mirathi inatafutiwa msimamizi. Alisema yeye hataweza, wachague mwingine, atabonyeza kidole popote watakapoonyesha. Halafu akanyamaza, tukasikia kuku, halafu akasema: "Mupange vizuri. Lakini musinitenganishe na mutoto wangu aliyebaki." Alikuwa anasema juu ya baba mdogo.

Odio ile iliwatoa machozi hata waliokuwa wanataka jela. Kaka na dada walikaa na mama usiku, wakaja na pendekezo ambalo sisi tusingelifikiria. Gharama za mabati na za kuondoa matope zihesabiwe, baba mdogo alipwe zitoke kwenye mirathi kabla ya kugawana. Aendelee kukaa chumba cha nyuma. Lakini mauzo yavunjwe, na pesa ya mnunuzi airudishe yeye. Wakaongeza kwamba dada ataandikwa kwa jina lake la hati ya kuzaliwa, fungu sawa, na hilo halijadiliwi. Dada mwenyewe ndiye aliyeandika sentensi hiyo, kwa herufi kubwa.

Baba mdogo amesikia. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ameuliza mabati yatahesabiwa kwa bei ya 2020 au ya sasa. Maître anasema mtu anayeuliza bei ameshaanza kuongea.

Kijana wa Baraka alipeleka barua ya pingamizi. Alitupigia picha yenye muhuri wa kupokelewa, na picha ya parseli: msingi mpya wa mawe upande wa barabara, rundo la mchanga, na nyuma mwembe. Mnunuzi amesimamisha ujenzi kwa sasa. Tripaix bado, kuna ada ya kulipa na nakala tatu za hati hazijatoka, na dada anangoja yake.

Jumamosi iliyopita mama aliomba simu. Aliongea na kijana dakika nne. Alimuuliza mwembe unazaa, na kama ameshaoa.